Nyumba Isiyofuka Moshi Jioni

Saa kumi alasiri, Gatesi anashuka mlima kuelekea bandari ya Rubona akiwa na kapu kichwani, na wasiomjua wanapigana vikumbo kulicheka kapu hilo. Ni kubwa kama la kuvunia mahindi. Limefunikwa blanketi kuukuu la kijivu, na juu ya blanketi kumefungwa kitenge cha maua, mafundo mawili. Mgeni angeapa kwamba mama huyu amebeba mtoto mgonjwa kichwani.

Wavuvi hawacheki. Wako ufukweni wanakagua nyavu na taa zao, kwa kuwa jua likizama wataingia ziwani kutafuta sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, na hawatarudi mpaka alfajiri. Wanataka kitu cha moto tumboni kabla ya kwenda kupigwa na baridi ya maji.

"Mama Mwiza, leo iko na moto?" anauliza Hitimana, mvuvi mwenye sauti ya kumfaa mtu anayeitana na mitumbwi ya mbali.

"Sogea uone mwenyewe, baba," anajibu Gatesi.

Anafungua kitenge, anaondoa blanketi, kisha anachambua majani makavu ya mgomba taratibu, kama mtu anayetafuta mayai kwenye kiota cha kuku mkali. Sufuria inatokea. Anainua kifuniko na mvuke unampiga Hitimana usoni.

"Bon! Weka mbili," anasema akifuta macho. "Moja ya mi, moja ya mudogo wangu."

Hapo ufukweni hakuna jiko wala mkaa. Moto ulioyachemsha maharage yaliyomo sufuriani ulizimwa saa nne asubuhi, huko nyumbani mlimani, na tangu saa hiyo sufuria imekuwa ikijipikia yenyewe ndani ya kapu. Bakuli moja ni faranga hamsini. Siku njema Gatesi huona chini ya sufuria kabla jua halijagusa milima ya Kongo, na leo inaelekea kuwa siku njema.

Anacheka akisema, "Watu wananiuliza nimeweka dawa gani. Nawaambia dawa ni blanketi la marehemu mama yangu."

Gatesi ana umri wa miaka thelathini na sita. Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, na Kiswahili chake bado kina mwendo wa huko, hakina haraka. Mumewe, Kimenyi, ni mtoto wa Goma. Alimkuta Karagwe alipokuwa utingo wa lori, wakaoana, wakapata binti, Mwiza, na mwaka 1995 walihamia Gisenyi, kwenye kamtaa kadogo juu ya Rubona, mahali ambapo nyumba zimekaribiana kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwombea heri bila kuinuka.

Kimenyi alipata kazi ya kupakia na kupakua mizigo ya maboti bandarini. Gatesi akaanza kuwapikia wavuvi. Wakati huo alikuwa akipika kama wanawake wote wa mtaa wanavyopika. Maharage yaliinjikwa asubuhi na kukaa motoni hadi alasiri. Akirudi kutoka bandarini, aliwasha tena jikoni kwa ajili ya chakula cha nyumbani, na moto huo uliwaka mpaka giza liingie.

Jiko lilikuwa chumba kisicho na dirisha, kimeegemea chumba cha kulala. Moshi ulikuwa mwanafamilia. Na Mwiza, aliyekuwa akirudi kutoka shuleni mchana, alikaa papo hapo jikoni na mama yake, kwa sababu ndipo penye joto na ndipo penye mama.

Kikohozi kilianza kidogo kidogo, msimu wa mvua. Kikaondoka, kikarudi, kisha kikaacha kuondoka. Usiku mtoto alilala ameketi, mgongo ukutani, akivuta pumzi kwa kelele. Gatesi anasema hakuna sauti aliyoichukia duniani kama ile.

Kwenye zahanati, muuguzi mmoja mzee alimsikiliza mtoto kifuani, akamtazama mama.

"Dawa nitakupa," alimwambia. "Lakini dawa haina nguvu ya kushinda moshi ya kila siku. Mutoto umutoe kwa moshi, ao moshi uitoe kwa mutoto."

Ni rahisi kusema. Mtaani hapo, kumtoa mtoto jikoni jioni maana yake ni kumtoa kwa mama yake. Na kupunguza moshi maana yake ni kupunguza chakula. Ndivyo Gatesi alivyowaza kwa muda mrefu, na anakiri aliwaza huku analia.

Kuni nazo zilikuwa zimeanza kuleta matatizo yake. Ilikuwa mwaka 1998, usalama wa sehemu hii ya nchi ulikuwa mbovu, na kupanda milima ya Rugerero kutafuta kuni kulikuwa sawa na kwenda kuiita balaa kwa jina. Mikaratusi iliyokuwa karibu ilibaki visiki. Aliyekuwa na mti uani aliuangalia kama anavyoangalia mbuzi wake.

Ndipo Gatesi akamkumbuka mama yake. Kule Karagwe, baba alikuwa akichelewa shambani kwenye kahawa, na mama alimwekea ndizi zilizopikwa kwa kuzifunga majani ya mgomba, kisha kuzifukia kwenye nyasi kavu kona ya nyumba. Baba alirudi usiku akala ndizi zenye moto, na hakuna aliyeamka kuchochea jiko.

"Nikajiuliza," anasema Gatesi, "kama ndizi zilikubali, maharage yana kiburi gani?"

Maharage yalikuwa na kiburi. Jaribio la kwanza lilitoa kokoto. Alikuwa hajayaloweka. La pili aliyaloweka tangu usiku, akayachemsha kiasi cha nusu saa, akayafukia kwenye kapu la majani makavu. Jioni yalikuwa yameiva nusu na joto limekimbia. Akaamua kuongeza jiwe la moto chini ya sufuria. Akaokota jiwe zuri la mviringo, laini, kando ya ziwa, akalitupa kwenye makaa.

Jiwe la ziwani lina maji tumboni. Lilipasuka kwa kishindo, na kwa jinsi siku zile zilivyokuwa, mtaa mzima ulilala kifudifudi. Mzee Sebahire wa nyumba ya tatu alikaa chini ya kitanda chake hadi mchana. Gatesi, jivu limemjaa nywele, alisikia watu wakiulizana mlio umetoka wapi, naye akafunga mlango.

Tangu siku hiyo akaacha mawe ya ziwa na kutumia yale meusi ya volkano yenye vitundu, yaliyokauka juani, ambayo Gisenyi huyakosi hata ukifumba macho. Yakakubali. Lakini aibu ya kishindo kile ilimfunga mdomo, akaendelea na kapu lake kwa siri. Hilo ndilo lililokuja kumponza.

Maana kapu lilifanya kazi. Moto ukawa mmoja tu kwa siku, uani, asubuhi Mwiza akiwa shuleni. Sufuria kubwa ya bandarini iliingia kapu kubwa, ndogo ya nyumbani ikaingia kapu dogo. Mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kwa siku mbili sasa ulifika Jumapili hadi Jumapili. Jambo moja likavuta jingine: maji aliyolowekea maharage akayamwagia mboga alizopanda kwenye gunia lililotobolewa ubavuni, na majivu machache yaliyopatikana akayasugulia sufuria.

Na usiku, baada ya majuma machache, Mwiza akalala chali. Gatesi alikaa kitandani akimsikiliza mtoto akipumua bila kelele, akaogopa hata kujigeuza.

Sasa, msomaji asiyekulia huku inampasa ajue jambo moja. Katika mitaa hii watu hawaulizani wamekula nini. Ni utovu wa adabu. Chungu cha mtu ni siri yake, na mwenye njaa hujifungia ndani na njaa yake. Lakini macho hayana mlango. Jioni kila mama huinua uso, na moshi unaopenya katikati ya mabati humwambia kwamba kwa fulani wapo wazima, na kuna kitu jikoni. Nyumba isiyofuka moshi jioni ina msiba, au haina kitu.

Nyumba ya Gatesi ikaacha kufuka.

Wa kwanza kuona alikuwa Mukamusoni, jirani wa ukuta kwa ukuta, mama wa Gisenyi tangu kuzaliwa mwenye dada na shangazi Goma. Aliona siku ya kwanza, ya pili, juma zima. Hakuuliza. Aliwanong'oneza wenzake wawili, nao wakainua nyuso, wakaona. Wakakumbuka kwamba Mama Mwiza siku hizi haonekani akinunua kuni. Wakakumbuka jinsi anavyofunga mlango haraka. Moto wa asubuhi waliujua, lakini huo, walijiambia, ni wa maharage ya kuuza bandarini, si ya kula nyumbani. Wote wakapata jibu moja, na lilikuwa jibu la huruma.

Jioni moja Mukamusoni alipiga hodi akiwa na sufuria iliyofunikwa kitambaa.

"Leo nilipika mingi, Mama Mwiza," alisema akitazama kando. "Utanisaidia isiharibike."

Gatesi akashukuru, akadhani ni ukarimu wa jirani. Kabla hajakaa, hodi nyingine, sufuria ya viazi. Kisha ya tatu, ya mboga na mihogo. Wote walikuwa wamepika mingi siku hiyo hiyo, na wote walikuwa wakitazama kando. Ndipo akaelewa.

Kimenyi alirudi kutoka kazini akakuta sufuria tatu za watu zimepangwa mezani.

"Nani alikufa?" aliuliza.

Gatesi akamweleza. Kimenyi ni mtu mpole, mke wake anaapa hivyo, na hata siku hiyo hakupaza sauti. Lakini uso ulimbadilika.

"Mi niko na mikono mbili," alisema. "Kutwa nzima nabeba mizigo ya watu. Na watu wananilishia mutoto? Donc, basi, kwa bandari nao wanajua?"

"Baba Mwiza, chakula chetu kimo kapuni. Kimeiva."

"Nani anaona kapu? Watu wanaona moshi. Kesho uwashe."

"Nikiwasha, mtoto atakohoa."

Wote wawili walikuwa na haki. Mwishowe wakakubaliana jambo ambalo leo likitajwa wanafunika nyuso kwa kucheka. Chakula kitaendelea kupikwa na kapu. Lakini jioni, kwa ajili ya heshima ya nyumba, utawashwa moshi.

Si moto. Moshi. Kila siku magharibi, Gatesi aliwasha uani majani mabichi yaliyochipua kwenye visiki vya mikaratusi, na vijiti, bila sufuria juu yake, akayapepea kwa bidii. Moshi ukapanda mnene, mweupe, wa kujivunia. Mukamusoni aliuona akamshukuru Mungu. Mtaa ukapumua.

Mwiza ndiye aliyeshindwa kupumua. Upepo wa ziwani jioni hupanda mlimani, na ulichukua moshi wote wa heshima ukauingiza ndani ya nyumba. Kikohozi kikarudi. Kuni zilizookolewa asubuhi ziliteketezwa jioni, hazikupika hata yai. Na kwenye kona, sufuria tatu za majirani zilizooshwa zikang'aa zilikaa zikimngoja Gatesi, kwa maana huku chombo cha mtu hakirudi kitupu, naye hakujua azijaze nini. Angewezaje kuwapelekea chakula watu walioamini kwamba hana?

"Nilikuwa nikizipita kichwa chini," anasema. "Sufuria za watu zilinitia haya kuliko watu wenyewe."

Mambo yaliendelea hivyo mpaka usiku ambao Mwiza alikohoa hadi midomo ikabadilika rangi. Wazazi walimshika huku na huku, ameketi katikati yao, wakimpepea kwa kitenge. Alfajiri alipotulia, alimuuliza baba yake swali la kitoto tu.

"Papa, ule moshi tunamupikia nani?"

Kimenyi alitoka akaenda kazini.

Asubuhi hiyo Gatesi aliloweka kiburi chake, kama anavyosema mwenyewe, kama maharage. Alichemsha maharage ya bandarini katika sufuria zote tatu za majirani, kila moja akaiwekea jiwe jeusi la moto, akazifukia kwenye majani makavu na kuzifunika kwa kila nguo nzito iliyokuwa ndani. Bandarini siku hiyo hakwenda. Jioni ilipofika hakuwasha kitu. Majirani waliinua nyuso, wakaona bati kavu.

Alikuwa amefukua sufuria na kujitwisha moja kichwani Kimenyi alipoingia. Alizitazama zile mbili zilizobaki. Gatesi akajiandaa kwa maneno.

Kimenyi aliinama akazishika, moja kila mkono, kwa matambaa, akatangulia mlangoni. Mwanamume kupita kichochoroni jioni, watu wakiwa milangoni, amebeba sufuria za wake za watu, si jambo linaloonekana hapa kila mwaka. Watoto waliacha mpira wakamfuata.

Kwa Mukamusoni walimkuta amepiga magoti anapuliza moto, macho mekundu.

"Tunarudisha chombo," alisema Gatesi.

Mukamusoni akafunua. Mvuke ukamrukia, naye akarudi nyuma.

"Yoo! Iko na moto hivi!" Akaangalia bati la jirani yake, akaangalia sufuria, akaangalia tena bati. "Mama Mwiza, leo kwako moshi hakuna. Hii mulipika wapi?"

"Ndani ya kapu."

"Kapu gani inapika?"

"Njoo uione."

Mukamusoni akamwangalia Kimenyi, labda mwanamume atasema ukweli. Kimenyi akacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Mama, ni kapu ya kweli. Mi mwenyewe nakula kwa kapu tangu mwezi ya tatu. Njaa hatuna. Moshi ile ya jioni ilikuwa bongo, uongo tupu."

Alisema hivyo mbele ya kadamnasi ya watoto, ambao ni redio isiyohitaji betri. Kabla giza halijaingia, uani kwa Gatesi palijaa wanawake wanaotia mikono kwenye majani makavu na kuitoa haraka. Mzee Sebahire naye alifika, akaambiwa habari ya jiwe la ziwani. Alikasirika kwa muda wa kuonja kijiko kimoja tu.

"Mficha uchi hazai," anasema Gatesi sasa. "Ningesema tangu siku ya kishindo, mwanangu asingeumia mara ya pili. Hilo linaniuma mpaka leo."

Kapu halikuenea siku moja. Mzee Sebahire, kwa mfano, alimfanya mkewe akate tamaa kabisa, kwa kuwa kila alipopita alifunua kidogo aone kama yameiva, na maharage yake yalibaki magumu juma zima. Sasa mkewe analificha kapu, na maharage yakiiva mzee anaambiwa ni kwa mkono wake wa baraka. Mukamusoni alishona mfuko wa kitenge uliojazwa vipande vya nguo kuukuu, akaona unashinda majani, akampelekea dada yake Goma. Wapo wasiotaka, na Gatesi hawalaumu. "Moto ni rafiki," anasema. "Mtu haachi rafiki kwa kuambiwa na jirani."

Jioni inaingia. Amepanda kutoka Rubona na kapu tupu, anavua ndala, anakaa kwenye kizingiti. Mtaani, nyumba tano au sita hazifuki. Nyingine zinafuka kama kawaida. Huko chini taa za wavuvi zinaanza kuonekana juu ya maji, moja moja.

Mwiza, ambaye sasa ana miaka tisa, anatoka kwa Mukamusoni akipanda kichochoro mbio. Kichochoro hicho kina mwinuko wa kumkata pumzi mtu mzima. Anafika na kusema bila kituo kwamba mama Mukamusoni anaomba kifuniko kile kikubwa na kwamba mfuko wake umeungua kidogo na kwamba yeye Mwiza amealikwa kula huko, je, anaweza kwenda? Mama yake anamtazama kwa muda mrefu kuliko swali linavyohitaji.

"Rudia," anamwambia.

"Nirudie nini, mama?"

"Yote. Nilikuwa nasikiliza kitu kingine."

Mwiza anarudia, bila kituo tena, anapewa kifuniko na ruhusa, anapotea. Kimenyi, aliyeketi pembeni akikwangua tope kwenye viatu vyake vya kazi, anasema kwamba akiba ya pesa za kuni itawawezesha kutoboa dirisha jikoni kabla ya mvua. Gatesi anataka pia meza pale ufukweni, yenye paa, ili wavuvi wale wamekaa kama watu. Anapoulizwa kama hayo ndiyo matumaini yake yote, anafikiri huku akiyarudisha majani makavu kapuni kwa ajili ya kesho, moja baada ya jingine.

"Nataka siku moja mgeni apite hapa jioni," anasema, "asione moshi kwenye bati hata moja, na asituonee huruma."